Wanga, Makapi na Madini: Uhakiki wa Lugha ya Ulishaji wa Ng'ombe katika Nchi ya Mwadui

Maandishi ya Kiswahili yafundishayo ulishaji wa mifugo yamekuwa mengi tangu miaka ya 1950, gazeti la Ukulima wa Kisasa lilipoanza kuwafikia wakulima wa Tanganyika, lakini lugha yake imehakikiwa mara chache sana. Bwana mifugo huyapima kwa usahihi wa vipimo vyake. Mtaalamu wa lugha, akipata kuyafungua, aghalabu huishia kulalamikia maneno ya kigeni yaliyomo: protini, vitamini, molasi, saileji. Lawama hiyo imeelekezwa mahali pasipo pake. Neno la kigeni huingia katika lugha likiwa tupu kama mtungi mpya, na mwalimu hulijaza maana aitakayo. Msomaji asiyejua protini ni nini ajua kwamba hajui, naye atauliza. Hatari iko kwa neno la nyumbani lililopewa kazi nyingine, kwa maana msomaji wake huamini kuwa amekwisha kulielewa kabla hajafika mwisho wa sentensi. Katika elimu ya kulisha ng'ombe maneno ya namna hii si machache, na hasara yake huonekana zizini.

Mahali pafaapo kulipima jambo hili ni Mwadui, katika wilaya ya Kishapu, mkoa wa Shinyanga. Mwaka 1940 mtaalamu wa miamba kutoka Kanada, John Williamson, aligundua hapo chimbuko la almasi, na mgodi uliofuata ukawaleta watu wa makabila mengi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi. Nje ya ua wa mgodi nchi ni ya Wasukuma, wakulima wa pamba, mtama na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe wa asili wenye nundu. Mvua yao kwa mwaka ni kiasi cha milimita 600 hadi 800, na kiangazi huanza Mei au Juni hadi Oktoba au zaidi. Kwa wengi wao Kiswahili si lugha ya mama. Wamekipata shuleni, kliniki, sokoni na mgodini, na kila neno wamelipokea pamoja na harufu ya mahali walipolipata. Kwa hiyo mwandishi wa kijitabu cha mifugo anapowaandikia hana budi kujiuliza neno lake limetoka wapi kabla ya kulipeleka zizini.

Maneno mengi ya elimu hii yametoka mezani pa watu. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, na mwaka 1975 kampeni ya Chakula ni Uhai ilipita vijijini kwa redio na vikundi vya masomo. Kazi hiyo haina budi kusifiwa. Lugha ya lishe ilizoeleka nchini, na mtoto wa shule aliweza kukariri kuwa kuna vyakula vya kutia nguvu, vya kujenga mwili na vya kulinda mwili. Wanga na mafuta viliwekwa katika kundi la kwanza, nyama, maharage na maziwa katika la pili, mboga na matunda katika la tatu. Mgawanyo huu wamfaa mtu, ambaye tumbo lake ni moja. Waandishi wa mifugo waliukuta umekwisha kutengenezwa, wakauchukua mzima mzima, wakabadili mifano tu: mahali pa ugali wakaandika pumba, mahali pa maharage wakaandika mashudu, mahali pa mchicha wakaandika majani mabichi. Ng'ombe amefanywa mtu mwenye miguu minne.

Basi ng'ombe hali hivyo. Tumbo lake lina vyumba vinne, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni pipa la kuchachushia. Majani yaliyomezwa kwa haraka hukaa humo, hurudishwa kinywani yakacheuliwa, hushuka tena, na muda wote huo bakteria na viumbe wengine wadogo wasioonekana kwa macho huyavunja. Nguvu za ng'ombe, kwa sehemu kubwa, hutokana na tindikali nyepesi ambazo viumbe hao huzitoa wanapoivunja selulosi ya majani. Sehemu kubwa ya protini aipatayo ni miili ya viumbe hao hao, wanaposukumwa kwenda katika chumba cha nne na kuyeyushwa. Hata vitamini za kundi B huzitengeneza wao. Kwa hiyo amlishaye ng'ombe huwalisha kwanza wapangaji wa tumbo lake, nao ndio wamlishao ng'ombe. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya ulishaji wa mnyama acheuaye, na Kiswahili kinalo neno zuri la kuianzia, yaani kucheua, ambalo kila mchungaji hulijua kwa kuona. Ni ajabu kwamba vijitabu vingi hulitaja neno hilo mara moja tu, penye orodha ya aina za wanyama, kisha huliacha.

Mahali pake huwekwa wanga. Asili ya neno hili ni ule unga mweupe utokao katika muhogo au nafaka, na katika elimu ya chakula cha watu limepanuliwa likachukua jamii nzima ya vyakula vya nguvu. (Kwamba wanga ni pia wingi wa mwanga, mchawi aendaye usiku, si hoja, upatanisho wa sarufi huyatenganisha maneno hayo mawili bila taabu.) Lakini nyasi hazina wanga wa kutajika. Nguvu zake zimo katika selulosi, ambayo kwa mkemia ni ndugu wa wanga, na kwa mfugaji haifanani nao hata kidogo. Mfugaji aliyesoma kuwa nguvu hutoka katika wanga atafanya hesabu iliyo sawa kwa maneno aliyopewa: nyasi hazitii nguvu, pumba na unga ndivyo vitiavyo. Akiamini hivyo akammiminia ng'ombe unga mwingi kwa mara moja, tumbo huchachuka kupita kiasi, tindikali huzidi, na mnyama aweza kufa. Kosa halikuwa la mfugaji.

Sehemu ngumu ya chakula, kwa upande wake, imepata jina ambalo ni vigumu kulisamehe katika vitabu vya mifugo. Katika lishe ya watu huitwa makapi mlo. Makapi ni yale yapeperushwayo katika ungo, kitu kisichotakiwa. Kwa mtu jina hilo lina udhuru, kwa kuwa sehemu hiyo hupita tumboni bila kuyeyushwa. Kwa ng'ombe ndiyo chakula chenyewe. Neno ufumwele, lililopendekezwa na wengine, na nyuzinyuzi, lipendwalo na watu wa kawaida, yote mawili ni bora kuliko makapi, kwa sababu yaeleza umbo bila kutoa hukumu. Jambo la namna hiyo limewapata pia viumbe wa tumboni. Wao wameitwa vijidudu, jina ambalo zahanati imelifundisha kwa nusu karne kuwa ni la magonjwa, na mtu aambiwaye kuwa tumbo la ng'ombe wake limejaa vijidudu hana sababu ya kufikiri kuwalisha. Atatafuta dawa. Hapa neno la kigeni, bakteria, likisaidiwa na maelezo mafupi, lina madhara machache zaidi.

Kiangazi cha Mwadui chaonyesha vizuri zaidi ni kitu gani kinachopotea. Ng'ombe wa kilo 250 hula kiasi cha kilo 6 kwa siku, ukihesabu chakula bila maji yaliyomo. Mvua zikinyesha, majani machanga huwa na protini ya kutosha. Yakikomaa na kukauka, protini hupungua hata ikawa chini ya sehemu 7 katika 100, na hapo viumbe wa tumboni hukosa cha kujijengea, hupungua, na uvunjaji wa majani huwa wa polepole. Majani hukaa tumboni muda mrefu. Mnyama huonekana ameshiba, ubavu umejaa, na kwa kuwa tumbo halijatoa nafasi hali zaidi, hali mifupa yake yatokeza. Ameshiba naye akonda. Kwa Kiswahili cha watu usemi huo wafanana na kitendawili, kwa kuwa kushiba huhesabiwa kuwa mwisho wa haja ya kula. Lakini mchungaji yeyote wa Kishapu amemwona ng'ombe wa namna hiyo mwezi wa Septemba. Kijitabu kingeanzia hapo, kwa ng'ombe ajulikanaye, mafundisho yote ya protini yangefuata bila kusukumwa: kidogo cha mashudu, au majani ya mikunde, huwaamsha wapangaji wa tumbo, na nyasi kavu zile zile zilizokuwa mzigo huanza kuwa chakula. Vitabu huanzia kwa makundi matatu, na ng'ombe huyu hana mahali pa kusimama ndani yake.

Neno lililo ghali kuliko yote, hata hivyo, ni pumba. Mashineni huko Shinyanga na Kahama huuzwa pumba za mahindi na pumba za mpunga, gunia kwa gunia, na ushauri wa kawaida wa vitabu ni kumpa ng'ombe pumba. Pumba za mahindi ni ngozi ya punje pamoja na kiini na unga kidogo. Protini yake ni kiasi cha sehemu 10 katika 100, na nguvu yake ni nzuri. Ganda la nje la mpunga ni kitu kingine kabisa: protini yake ni sehemu 3 hivi katika 100, majivu yake hukaribia sehemu 20, na majivu hayo karibu yote ni silika, asili ile ile ya mchanga na kioo. Kati ya viwili hivyo kuna ule unga laini utokao mchele unaposuguliwa, ambao ni chakula chema. Mashine ndogo ikobolayo na kusugua kwa mara moja huvitoa vyote katika mdomo mmoja, vikachanganyika. Kwa hiyo jina moja huuza vitu vitatu, na katika miezi ya njaa mnunuzi hulipa fedha kwa kumjaza ng'ombe kitu ambacho hata tumbo la vyumba vinne halikiwezi.

Kiswahili hakikuwa maskini hivi. Kamusi za zamani zimehifadhi kumvi, ganda la nje la mpunga, na wishwa, makapi laini yabakiayo nafaka ikitwangwa na kupepetwa. Pwani walitofautisha tena chicha, mabaki ya nazi iliyokunwa na kukamuliwa, na machicha ya pombe, na mashudu ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Lugha ya kinu na ungo ilikuwa na jina kwa kila daraja la mabaki, kwa sababu mtwangaji aliyaona yakitengana mikononi mwake. Mashine ya kukoboa iliyaunganisha, na lugha ikafuata mashine. Yaweza kusemwa kuwa maneno ya pwani hayana mizizi Usukumani, na kwamba kumvi kwa msomaji wa Mhunze au Maganzo ni geni sawasawa na saileji. Ni kweli. Lakini ugeni huo ndio ungekuwa faida yake: msomaji angekutana na neno asilolijua, akauliza, akaambiwa kuwa ni lile ganda la mpunga lisilofaa kulishwa. Pumba halimpi nafasi ya kuuliza.

Mashudu yana tatizo lililo dogo kidogo. Nchi hii ni ya pamba, na mabaki ya mbegu zake baada ya kukamuliwa mafuta ni chakula cha protini nyingi kwa ng'ombe aliyekomaa. Lakini mbegu ya pamba ina sumu iitwayo gosipoli. Tumbo la kucheulia huipunguza nguvu, na kwa hiyo ng'ombe mzima huyala mashudu hayo kwa kiasi bila kudhurika. Nguruwe, kuku na ndama ambaye tumbo lake halijaanza kucheua hawana kinga hiyo. Mashudu ya alizeti hayana sumu hiyo. Mwandishi aandikaye "mashudu" bila kutaja mbegu ameacha neno moja tu, na neno hilo ndilo lililobeba uhai wa ndama.

Kuhusu madini, hakuna mahali katika Tanzania ambapo neno hili lina uzito kama katika ukanda huu, kutoka almasi za Mwadui hadi dhahabu ya Geita. Madini hapa ni mali. Ni kazi, ni leseni, ni ua wenye walinzi. Kijitabu kisemacho kuwa ng'ombe ahitaji madini kimetumia neno lililo sahihi kwa kamusi, lakini msomaji hufikiri kitu cha gharama kitokacho dukani. Hali mahitaji yenyewe ni chumvi, kalsiamu na fosforasi, na dalili ya upungufu wake iko mbele ya macho yake: ng'ombe atafunaye mifupa mikavu porini. Karibu na mwaka 1920, huko Afrika ya Kusini, Arnold Theiler na wenzake walionyesha kuwa ng'ombe hufanya hivyo kwa kukosa fosforasi, na kwamba wakipewa unga wa mifupa huacha, wakaepukana pia na sumu iwapatayo kutokana na mizoga. Mwalimu angeweza kulianza somo zima kwa kuuliza mbona ng'ombe hula mifupa. Swali hilo halihitaji istilahi yoyote, na jibu lake ni unga wa mifupa ulio safi na jiwe la chumvi la kulamba.

Jambo jingine ni dogo, lakini latokana na mazoea yale yale. Kwa kawaida ya wasemaji wa zamani mnyama hunona na mtu hunenepa. Siku hizi mradi wa kumlisha ng'ombe kabla ya kumpeleka sokoni huitwa unenepeshaji. Hakuna atakayepoteza ng'ombe kwa ajili hiyo, na neno limekwisha kuota mizizi serikalini. Lakini kunona husema juu ya shahamu na utamu wa nyama, yaani kile anunuacho mchinjaji, na kunenepa husema juu ya ukubwa wa mwili tu. Lugha ilikuwa na zana iliyo kali zaidi, ikaiacha.

Limebaki neno malisho, ambalo si kosa la mwandishi yeyote, na ambalo kwa sababu hiyo lastahili kufikiriwa kwa makini kuliko mengine. Limetokana na la, kwa njia ya lisha, nalo ni mahali, ni kitendo, na ni kitu kiliwacho. Sheria ya mwaka 2010 inayohusu mambo haya, kwa jina lake la Kiswahili, hutenganisha nyanda za malisho na vyakula vya mifugo, kana kwamba nyasi za uwandani ni ardhi, na chakula ni kile kilichotiwa katika gunia. Mgawanyo huo una matokeo. Tarehe 7 Novemba 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi wa Mwadui ulibomoka, na tope likaenea katika ardhi ya kijiji cha Ng'wanholo. Malisho yafunikwayo namna hiyo yakihesabiwa kuwa mahali, hupimwa kwa ekari. Yakihesabiwa kuwa chakula, huna budi kuuliza ni ng'ombe wangapi waliotegemea nyasi hizo, na kwa miezi mingapi, tena Novemba, ambapo akiba ya kiangazi imekwisha na mvua ndiyo kwanza zaanza. Hesabu hizo mbili hazifanani, na neno halisemi ifuatwe ipi.

Wasukuma wanalo neno lisilo na shaka hiyo. Ngitili ni sehemu ya ardhi inayofungwa mvua zianzapo, nyasi zikaachwa zikue na kusimama, kisha hufunguliwa katikati ya kiangazi, mara nyingi kipande kwa kipande, kwanza kwa ajili ya ndama, ng'ombe wakamwao, wagonjwa na maksai wa kulimia. Ndani ya neno hilo moja mna mahali, chakula, majira na mpangilio wa nani ale kwanza. Yaani mna karibu kanuni zote ambazo vijitabu huzitafutia sura tano. Desturi hiyo ilidhoofika baada ya misitu kufyekwa kwa ajili ya mbung'o na pamba, na zaidi tena watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970. Mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, katika eneo lililokuwa limepewa jina la jangwa la Tanzania, ngitili zilizosalia zilikuwa hekta 600 tu hivi. Miaka 15 baadaye zilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Dagashida, baraza la jadi, lilishika sheria zake. Neno limekwisha kuingia katika taarifa za Kiswahili, lakini aghalabu hufuatwa na maelezo kuwa ni "hifadhi ya malisho", na maelezo hayo hulirudisha katika utata uliotajwa, yakipoteza majira na mpangilio.

Watafsiri watasema kuwa kitabu cha taifa hakiwezi kuandikwa kwa maneno ya Kishapu, na kuwa mfugaji wa Tanga au Kagera hajui ngitili. Hoja hii ina nguvu kwa maneno yaliyo na mwenzake katika Kiswahili. Kwa lisilo na mwenzake haina. Kiswahili kilichukua protini bila kuuliza ni nani anayeijua. Lililo gumu zaidi ni pumba, kwa sababu wauzaji hunufaika na utata wake, na hakuna kamati ya istilahi iwezayo kumlazimisha mwenye mashine. Walakini kijitabu chaweza kuacha kuandika "pumba" peke yake. Chaweza kuandika pumba za mahindi panapotakiwa pumba za mahindi, na penye mpunga kikaeleza kuwa kumvi hailishwi, na jinsi ya kuitambua: ichukuliwe konzi moja kutoka gunia lililouzwa kwa jina la pumba, itiwe katika bakuli la maji na kukorogwa, maganda mapana mepesi yatakayoelea juu ni kumvi.